Baba na Kazi ya Mwanawe

Katika maswali ambayo mzazi huulizwa na maisha, pengine hakuna limkosalo usingizi kuliko hili: mwanangu amekwisha kuwa mtu mzima, ana nguvu, ana afya, wala hajui afanye kazi gani, je, ni wajibu wangu kumchagulia, au ni wajibu wangu kunyamaza? Swali hili huonekana dogo kwa asiyekuwa na mwana. Huonekana dogo kadhalika kwa mwenye mali nyingi, maana fedha huweza kununua muda wa kungojea. Lakini kwa watu wa kawaida, ambao ndio wengi, ni swali la chakula na heshima, na ndani yake limo swali jingine lililo kubwa zaidi, nalo ni hili: maisha ya mtu ni mali ya nani?

Nitalitazama jambo hili kutoka mahali pamoja ili nisipotee katika maneno ya jumla. Mahali penyewe ni Oldonyo Sambu, upande wa kaskazini-magharibi wa Mlima Meru, kando ya barabara itokayo Arusha kwenda Namanga. Mlima huo una urefu wa zaidi ya meta 4,500, nao hugawa riziki bila ya usawa. Miteremko ya kusini na mashariki hupata mvua, na huko migomba na kahawa hustawi. Upande wa Oldonyo Sambu uko nyuma ya mgongo wa mlima, na upepo hufika pale ukiwa umekwisha kumwaga maji yake kwingine. Wakaao pale wengi wao ni Waarusha na ndugu zao Wamasai, watu wa lugha moja, ambao hulima mahindi na maharage na kufuga ng'ombe, mbuzi na kondoo.

Zamani swali letu halikuwako pale. Mtoto wa kiume alianza kwa kuchunga ndama karibu na boma, akapanda kwa mbuzi, akafika kwa ng'ombe. Akatahiriwa, akawa morani, akaoa, akawa mzee. Kazi haikuchaguliwa. Ilimkuta mtu kama ndevu zinavyomkuta. Sisemi kwamba maisha hayo yalikuwa mema kwa kila mtu. Hapana shaka walikuwako vijana ambao mioyo yao haikupenda ng'ombe, nao walichunga vivyo hivyo mpaka wakazeeka, wala hakuna aliyewauliza. Lakini hawakujiona kuwa wameshindwa, maana ili mtu ajione ameshindwa sharti pawepo mlango ambao wenziwe wamepita na yeye amefungiwa.

Mlango huo uliletwa na mambo mawili. La kwanza ni ardhi. P. H. Gulliver, mwanachuoni Mwingereza aliyekaa na Waarusha katika miaka ya 1950 na kuchapisha kitabu juu yao mwaka 1963, alikuta mashamba ya miteremko ya juu yamekwisha kujaa, na vijana wakishuka kutafuta nafasi katika nchi kavu iliyo chini. Nchi hiyo kavu nayo leo imejaa. Shamba ambalo babu alilipata kwa kukata kichaka, na baba akalirithi pamoja na nduguze, sasa lina wajukuu waliosimama pembeni mwake wakilipima kwa macho. Nao ng'ombe, ambao walikuwa akiba ya kila msiba, wamejifunza kufa kwa pamoja. Ukame wa mwaka 2009 uliwaua kwa wingi kutoka Longido mpaka Monduli na Ngorongoro, na wapo watu waliolala matajiri mwanzo wa mwaka wakaamka maskini mwisho wake.

La pili ni shule. Mwaka 1967, Mwalimu Julius Nyerere alipoandika Elimu ya Kujitegemea, alitaja kwamba watoto 13 tu katika kila 100 waliomaliza shule ya msingi ndio waliopata nafasi ya sekondari, akaonya kwamba elimu inayotengenezwa kwa ajili ya hao wachache huwafanya walio wengi wajione kuwa wameanguka. Tangu mwaka 2016 elimu mpaka kidato cha nne hutolewa katika shule za serikali bila ya ada, na hilo ni jambo la kushukuriwa. Lakini maana yake ni kwamba mlango umesogezwa mbele miaka minne. Kundi lililosimama nje yake bado lipo. Limeongezeka umri tu.

Namjua baba mmoja wa huko, ambaye sitamtaja jina. Ana ekari 7 na wana wanne wa kiume. (Ana mabinti pia, lakini hao hakuna awaulizaye watafanya kazi gani, huulizwa wataolewa na nani, na hilo lastahili insha yake yenyewe, yenye maneno makali kuliko haya.) Mwanawe wa pili ana umri wa miaka 22. Alimaliza kidato cha nne akapata daraja la nne, akarudi nyumbani, na huu ni mwaka wa tatu yupo. Huchunga anapoambiwa kuchunga, hulima anapoambiwa kulima, na jioni huenda barabarani kukaa na wenziwe penye pikipiki. Baba alikuwa na fahali wawili wazuri. Aliazimu kuwauza na kumpeleka kijana katika chuo kimoja cha mjini akasomee uhasibu, kwa sababu mtoto wa jirani alisomea uhasibu, na sasa nyumba ya jirani ina bati jipya linalong'aa mpaka mtu akaliona kutoka barabarani. Alipomwuliza mwanawe kama ataka kwenda, kijana alitazama chini akajibu, "Sijui, baba." Akaulizwa, basi wewe wataka nini? Akajibu tena, "Sijui."

Baba aliliona jibu hilo kuwa ni utovu wa adabu. Mimi naona kwamba kijana alisema neno la kweli kuliko yote yaliyosemwa nyumbani mle mwaka huo. Tufikiri kidogo juu ya mambo aliyokwisha kuyaona. Amemwona mwalimu, mganga wa zahanati, askari, dereva wa basi na mwenye duka. Amemwona mchungaji wa kanisa na mchungaji wa mbuzi, ambao Kiswahili kimewapa jina moja ijapokuwa malipo yao si mamoja. Amesikia habari za wenziwe walio walinzi wa usiku Dar es Salaam, za wasusi wa nywele wa Kimasai walioko huko na Unguja, na za wale waitwao wagumu, wanaobeba mizigo ya wageni kupanda Kilimanjaro. Lakini katika hao wote, kijana ameona nguo za kazi, hakuiona kazi. Mhasibu amemwona katika umbo la bati. Hakupata kumwona akikaa mbele ya tarakimu tangu asubuhi mpaka jua linatua, akitafuta shilingi mia nne zilizopotea katika hesabu ya mwezi, wala hajui kama moyo wake ungefurahi zikipatikana. Na mtu atajuaje kama apenda chakula ambacho ameona sahani yake tu?

Tena iko "sijui" ya namna nyingine, nayo ni ya hofu. Kijana huweza kuwa na jambo alipendalo, akalificha kwa kuwa ajua litamwaibisha baba yake mbele ya wazee. Hapo kumwuliza mara kumi hakufai kitu. Kila swali humwongezea kufuli. Afadhali mzazi anyamaze, atazame kile ambacho kijana hukifanya pasipo kutumwa. Katika habari hii niliyoitaja, pampu ya maji ya kitongoji iliharibika, fundi akaja kutoka mjini kuitengeneza, na kijana alikaa naye siku mbili nzima, akimshikia vyuma, akisahau kula. Baba alimwona akamkaripia kwa kuwaacha mbuzi. Jibu la swali lake lilikuwa limesimama mbele yake juani siku mbili, naye akaliita uvivu.

Wako wasemao kwamba haya yote ni maneno ya watu walioshiba, na kwamba baba ana haki kamili ya kuchagua. Yeye ndiye aliyezaa, aliyelisha na aliyelipa. Na yeye ndiye atakayezeeka, katika nchi ambayo mkulima na mfugaji hawana malipo ya uzeeni, na mtoto ndiye akiba. Hoja hii haifai kudharauliwa. Wanaoicheka aghalabu ni watu wenye pensheni. Mimi naikubali nusu yake ya kwanza: baba ana haki ya kusaidiwa na mwanawe, na mwana anayejitajirisha mjini wakati mzazi analala njaa hana udhuru wowote katika mila zetu wala katika dini zetu. Lakini haki ya kula mavuno si haki ya kuchagua jembe. Mwana aweza kudaiwa matunda ya kazi yake. Kudaiwa kazi yenyewe, iwe hii wala isiwe ile, ni kudaiwa miaka 40 ya asubuhi zake.

Fauka ya hayo, kuchagua huhitaji kuona mbele, na macho ya baba, hata yakiwa makali, yalizoezwa na dunia iliyokwisha kupita. Edward Moringe Sokoine alizaliwa Monduli mwaka 1938, si mbali na Oldonyo Sambu, akaingia shule katika miaka ya 1940. Yasimuliwa kwamba siku zile wazee wengi wa Kimasai walipodaiwa watoto na serikali kwa ajili ya shule, hawakumtoa mtoto waliyemtegemea kwa ng'ombe. Walimtoa yule ambaye boma lingeweza kumkosa bila ya hasara. Sisemi kwamba Sokoine alikuwa wa namna hiyo. Nasema tu kwamba hapakuwa na mzee katika siku hizo ambaye angaliweza kumwambia mwanawe, "Kasome uwe Waziri Mkuu wa Tanzania," maana hapakuwa na Tanzania wala waziri mkuu wake. Sokoine alikishika cheo hicho mwaka 1977, akakishika tena mwaka 1983, mpaka alipofariki katika ajali ya gari tarehe 12 Aprili 1984.

Mfano wa wakubwa huweza kupotosha, kwa hiyo nitaje na mdogo. Maji ya sehemu nyingi za Meru yana madini ya floraidi kupita kiasi, na wenyeji wa huko hujulikana kwa rangi ya kahawia iliyo menoni mwao. Huko Ngurdoto, upande wa pili wa mlima, kuna kituo cha utafiti ambako wataalamu wamechunguza namna ya kuyasafisha maji hayo kwa kuyapitisha katika mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Mzee wa Kiarusha ameishi na mifupa ya ng'ombe maisha yake yote, ameirusha mbwa wakaila. Ni nani angalimwambia kwamba ndani ya mifupa ile imo kazi ya mtu? Kazi nyingi ambazo vijana wa leo watazifanya zinafanana na mkaa huo: vitu vyake vipo karibu, jina lake halijasikika.

Basi, baba akikosea kwa kulazimisha, je, apone kwa kuacha? Siku hizi yamekuwa maneno ya kawaida kwa mzazi kusema, "Ni maisha yako, fanya upendavyo." Maneno haya yana sura ya heshima, na mara nyingine ni heshima kweli. Lakini nimeyasikia pia katika vinywa vya watu waliochoka tu. Uhuru wa kwenda popote, akipewa mtu ambaye hajaonyeshwa njia hata moja, haupitani sana na kuachwa nyikani. Na anayemwachia mwanawe nyika, kisha akamlaumu kwa kupotea, amefanya makosa mawili. Kulazimisha na kuacha huonekana kuwa mambo yanayopingana. Kwa kweli yana asili moja: katika yote mawili, baba anataka jambo hili liishe upesi.

Nionavyo mimi, wazee wetu walikuwa na maarifa hapa ambayo hatujayafikiri vya kutosha. Kijana wa Kimasai au wa Kiarusha alipoingia katika rika, hakuwa chini ya baba yake peke yake. Wasimamizi wake walikuwa wazee wa rika lililotangulia lake kwa hatua mbili, waitwao olpiron, jina litokanalo na kijiti cha kupekechea moto, kwa sababu wao ndio waliopekecha moto wa kuanzisha rika jipya. Hao ndio waliowafunza vijana, wakawakemea, wakawabariki, na ilipobidi wakawatisha kwa laana. Desturi hii haijafa. Marika bado yanafunguliwa na kufungwa mpaka leo. Baba huweza kuwa mmoja wa wazee hao, lakini pale hasemi kama mwenye boma na mwenye ng'ombe. Husema kama mtu mmoja kati ya wenziwe, na neno lake hupimwa na maneno yao.

Pwani nako, katika nchi nyingine kabisa, walifikia jambo kama hilo kwa njia yao. Kijana alikabidhiwa kwa fundi, akawa mwanagenzi wake. Alifagia, alibeba, alitazama, akaharibu ubao wa kwanza na wa pili, na siku alipohitimu fundi alipewa kilemba kwa shukrani. Wako mafundi waliowafunza watoto wao wenyewe, lakini kumpeleka mtoto kwa fundi mwingine hakukuwa aibu kwa baba. Kulikuwa ni sehemu ya kumlea.

Kwa nini watu wa mlimani na watu wa pwani, ambao hawakufundishana, waliona vema kijana atoke mkononi mwa baba ili awe mtu? Nadhani ni kwa sababu baba hawezi kumtazama mwanawe asijione mwenyewe. Akiona uzembe mdogo, huona uzee wake ukiwa na njaa. Akiona kipaji asichokuwa nacho yeye, huona kejeli. Mtu mwingine, mwenye umri wa kutosha na asiyetegemea kulishwa na kijana yule, humwona kijana tu, hivi alivyo: mikono yake ina wepesi au haina, ana subira au hana. Na kijana naye haoni haya kumwambia mtu huyo kwamba hajui.

Shule imechukua nusu ya kazi hiyo. Inamtoa mtoto mkononi mwa baba, yamfunza kusoma na kuhesabu, kisha, akiwa na umri wa miaka 17 au 18, humrudisha na karatasi. Hapo katikati hapana mtu. Mwalimu amekwisha kumaliza, fundi hajaitwa, wazee wa rika hushughulika na mambo ya rika, na baba anabaki peke yake na kazi ambayo hata babu zake hawakuifanya peke yao. Sishangai kwamba anaifanya vibaya.

Hata hivyo liko jambo moja ambalo hakuna fundi wala mzee wa rika awezaye kumfanyia kijana, ila baba tu, nalo ndilo gumu kuliko yote. Ni kumwambia ukweli wa urithi wake.

Mfugaji hapendi kuhesabu mifugo yake mbele za watu, na desturi hiyo ina sababu zake za kale. Lakini usiri huo umeenea mpaka kwa wana. Vijana wangapi wa miaka 22 wanajua kwa hakika watapata nini? Yule wa Oldonyo Sambu alikuwa akiamini, bila ya kuambiwa na mtu, kwamba siku moja atapewa shamba la kumtosha na ng'ombe wa kuanzia. Ndugu zake watatu walikuwa wakiamini vivyo hivyo, kila mmoja kimoyomoyo. Ekari 7 zikigawanywa kwa wana 4, kila mmoja hapati hata ekari 2. Na katika nchi ile kavu, mwaka wa mvua mbaya, ekari mbili zisizo kamili hazilishi mtu na mke na watoto wawili. Baba aliijua hesabu hii kwa miaka kumi. Hakuisema.

Hakuisema kwa nini? Si kwa ukatili. Kutokujua huwaweka wana karibu. Mwana anayetumaini shamba husikiliza, hutumwa, hungoja, huogopa kumuudhi mwenye kugawa. Siku baba atakaposema, "Mwanangu, hapa huna zaidi ya ekari moja na robo tatu," atakuwa ametoa mkononi mwake fimbo iliyomfanya atiiwe. Ndiyo maana naona kwamba watu hukosea wanapoupima msaada wa mzazi kwa fedha. Kuuza fahali wawili kwa ajili ya chuo ni tendo la kusifiwa, na jirani wataliona. Kusema hesabu ile mbele ya wana wote wanne hakuonekani na mtu yeyote, hakusifiwi, na gharama yake ni enzi ya baba nyumbani mwake. Lakini bila ya hesabu hiyo kijana hawezi kuchagua. Atakuwa kama mtu anayeambiwa akate nguo hali kitambaa kimefichwa.

Tena mwenye tumaini la uongo mkono mmoja ni rahisi kushika la pili mkono mwingine. Kutoka Arusha mpaka machimbo ya Mirerani si safari ndefu, na vijana wengi wa Meru wamekwenda huko kuwa wanaapolo, yaani wachimbaji wa tanzanaiti, jiwe lililogunduliwa hapo mwaka 1967 na lisilochimbwa mahali pengine popote duniani. Mwezi wa Juni mwaka 2020, Saniniu Laizer, mfugaji na mchimbaji Mmasai wa Simanjiro, aliiuzia serikali mawe mawili yenye uzito wa zaidi ya kilo 14 kwa shilingi bilioni 7.7, na picha yake ikaingia katika kila simu ya mkononi kaskazini kote. Alisema angetaka kujenga shule. Vijana waliitazama picha. Sidhani wengi walikumbuka kwamba yule hakuwa kijana wa kubahatisha, alikuwa mtu wa miaka 52, mwenye mifugo yake, aliyekaa katika kazi ile siku nyingi. Wala picha ile haikuwa na nafasi ya kuwaonyesha waliokufa maji mashimoni mwaka 1998, na tena mwaka 2008, mvua ilipoingia chini. Mzazi hawezi kushindana na bilioni saba kwa kukataza. Anachoweza ni kumfanya kijana ajue hasa anaacha nini na anafuata nini, na kama bado ataka kwenda, aende kwa mtu mzima anayeijua kazi hiyo, akamtumikie miezi, aone shimo kabla ya kuona jiwe.

Liko na lile la aibu, nami nitalipitia kwa haraka kwa kuwa wengi wamekwisha kulisema. Kazi ya mikono imehesabiwa kwetu kuwa ni adhabu ya waliopata daraja la nne. Tangu mwaka 2024 baadhi ya shule za sekondari zimeanza kufundisha mkondo wa amali, na nimefurahi kwamba neno hilo la zamani, ambalo maana yake ni kazi na kitendo, limerudishwa hadharani. Lakini neno likirudi na dharau ikibaki, kitakachokuwa kimebadilika ni kibao cha darasa. Nimesikia mzazi akisema, "Mwanangu ameshindwa masomo, basi nimempeleka ufundi," na mwana amesimama hapo hapo anasikia. Atapendaje randa au koleo ambayo amekabidhiwa kama cheti cha kushindwa? Baba yule yule, pampu yake ikifa, humlipa fundi bila ya kuuliza alipata daraja gani.

Msomaji atataka kujua mambo yalivyokwenda katika nyumba ile, na kweli ni kwamba hayakwenda vizuri sana wala vibaya sana. Mzee mmoja wa boma jingine, ambaye baba humstahi, ndiye aliyemwambia aache habari ya chuo kwanza. Ilimchukua miezi kadhaa kukubali. Jioni moja aliwakusanya wana wote wanne, mama yao akiwapo, akawaambia ekari ni ngapi na kila mmoja atapata kiasi gani. Mkubwa alikasirika akaondoka, na muda mrefu ulipita kabla hajazungumza tena na baba yake kwa uzuri. Wa pili, huyu wetu, alinyamaza. Lakini kesho yake yeye mwenyewe aliomba kupelekwa kwa yule fundi wa pampu. Fundi alipewa mbuzi mmoja, na kijana akakaa naye miezi minne, akilala kwa shangazi yake mjini.

Aliporudi alisema kwamba kazi ya vyuma haikumpendeza kama alivyofikiri. Baba alikaribia kucheka kwa uchungu. Lakini kijana akaendelea, akasema kwamba katika safari zao aliwaona watu waliokuja kupima ardhi kabla ya kisima kuchimbwa, wakitafuta maji yako wapi na yakoje, na kwamba hilo alitaka kulijua. Alikuwa amekwisha kuuliza habari za Chuo cha Maji cha Dar es Salaam, akaambiwa kwamba sharti kwanza afaulu masomo ya sayansi aliyoyaanguka. Sasa asubuhi huchunga, na alasiri husoma kemia kwa mwalimu mmoja wa jirani ambaye hulipwa kwa maziwa, ili arudie mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea.

Baba huwaambia wapitao kwamba kama angalikwenda kusomea uhasibu, sasa angalikuwa amemaliza. Huenda asema kweli. Ameuza fahali mmoja kwa ajili ya ada ya mtihani na vitabu na madeni mengine ya nyumba, na wa pili hataki kumuuza kabla ya matokeo. Mtihani wenyewe hufanyika mwezi wa Novemba.